Nondo Hawali Krimplini

Nondo hawali krimplini. Tetroni nayo hawaigusi. Buu la nondo hula kilichotoka kwa mnyama, yaani sufu, manyoya, hariri. Pamba huitafuna pale tu ilipolowa jasho au kudondokewa mchuzi. Kwa hiyo ukifungua sanduku la nguo lililokaa miaka arobaini bila mtu kulisogeza, unakuta dunia imepinduka. Sweta la sufu ambalo mtu alilionea fahari limebaki matundu matupu. Na lile gauni la krimplini la rangi ya chungwa, lililoshonwa kwa sherehe moja na kuchekwa na wazee siku hiyohiyo, linakutazama kama limetoka dukani asubuhi.

Sanduku ninalolisema ni la bati, kufuli lake limekufa kwa kutu, na lilikuwa chini ya meza kwenye stoo ya chuo kimoja cha ualimu huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Chuo sitakitaja, maana mengine nitakayoyasema ni mazungumzo ya ndani, na wenyewe bado tunakutana sokoni. Ndani mlikuwa na vipande 22: mashati ya kaki, kaptula, sketi za bluu, masweta, aproni za wapishi, fulana za michezo, doti moja ya kanga, na hilo gauni la chungwa ambalo hakuna aliyeweza kueleza limefikaje pale.

Aliyeviweka ni matroni wa zamani, ambaye alishafariki kabla ya mtu yeyote kumuuliza. Kila sare ilipobadilika, alichukua moja akaiweka kando. Hakuwa anatunza historia. Alikuwa anamlinda fundi asiibe kitambaa: mwaka unaofuata, nguo zikiletwa, anatoa sampuli, anapima kola, anahesabu vifungo, na kama mfuko umepungua sentimita mbili nguo zinarudi zilikotoka. Kila kipande alikibandika karatasi yenye mwaka kwa pini. Pini zimeshika kutu na kuacha alama za kahawia kifuani mwa mashati, lakini miaka inasomeka. Namshukuru kwa ubahili ule. Nguo nyingi za nchi hii zimepotea kwa sababu hakukuwa na bahili wa kuzishikilia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, naishi Uyole, karibu na njia panda, pale malori ya kwenda Kasumulu yanapoagana na yale ya Tunduma. Chuo kilitaka kufanya maonesho madogo ya nguo zake za zamani, na wakatafuta mtu wa kuandika zile kadi za maelezo zinazokaa chini ya kila kitu. Walisema ni kazi ya jioni mbili. Ilichukua miezi saba.

Kabla sijaandika neno, nilipanda basi kwenda Iringa. Nilitaka kuona chuo kingine kilivyofanya. Chuo Kikuu cha Iringa, kwa mradi wake ulioitwa Fahari Yetu na kwa fedha za Umoja wa Ulaya, kiliikarabati boma ya Wajerumani iliyopo mjini na kuifungua kama makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Huo ndio mfano wa karibu zaidi tulio nao huku kusini wa chuo kusema: vitu vya watu hawa ni kazi yetu pia. Nilitembea mle ndani taratibu na daftari, nikisoma kadi kuliko nilivyotazama vitu, jambo ambalo nadhani lilimshangaza mlinzi. Kesho yake nikaenda Kalenga, kilomita chache nje ya mji, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Katika basi la kurudi nilikuwa nawaza kitu kimoja. Mfupa hudumu. Mkuki hudumu. Kwa hiyo kumbukumbu yetu ya vita ni nzito, na kumbukumbu yetu ya asubuhi za kawaida ni nyepesi, kwa kuwa asubuhi ya mtu ni kitambaa. Bibi zetu wa bibi zetu walivaa magome ya miti yaliyopondwa. Ufipa na bonde la Rukwa walisokota pamba na kuifuma wenyewe. Halafu kikaja kitambaa cha viwandani, hasa kile kizito kisichopaushwa kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, tangu karne ya 19, tukakiita merikani kwa jina la kwao. Kilikuwa kitambaa, kilikuwa pia fedha: misafara ililipa nacho hongo na chakula njia nzima. Mikono ya kufuma ikapungua. Ukitaka leo kuona nguo iliyofumwa Rukwa zama hizo, utapata picha na maandishi ya wasafiri kwa urahisi kuliko kuipata nguo yenyewe.

Basi merikani hiyohiyo ndiyo niliyokwenda kuinunua Mwanjelwa wiki iliyofuata. Maduka ya vitambaa bado wanaiita amerikani. Wataalamu wa kutunza nguo, popote walipo, hutaka kitu cha kufungia kisicho na rangi, kisicho na dawa ya kung'arishia, na kilichofuliwa kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka wanga wote wa kiwandani utoke, maana wanga huita wadudu, hasa vile vidudu vidogo vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Amerikani ndiyo hiyo. Nilinunua mita 12, nikaichemsha kwenye sufuria ya ubwabwa wa misiba, nikaianika. Kitambaa kilichoua ufumaji wetu sasa kinashonwa mifuko ya kutunzia mabaki yetu. Sikucheka peke yangu. Muuza duka naye alicheka nilipomweleza, ingawa nadhani alicheka kwa sababu nyingine.

Sweta zilihitaji zaidi ya mfuko. Mbili kati yake zilikuwa bado na mabuu hai. Vidonge vya nondo vya dukani sikuvitaka, harufu yake haitoki na moshi wake si mzuri kwa mtu. Njia inayopendekezwa ni baridi: unafunga nguo kwenye plastiki, unatoa hewa, unaiweka kwenye joto la nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Uyole tunasifika kwa baridi, mwezi wa sita asubuhi unatoa moshi mdomoni kama gari bovu, lakini baridi yetu haiui nondo. Jirani yangu anayeuza kuku na barafu za ubuyu ana friza kubwa la kulala. Alikubali kwa sharti moja: nisimwambie mteja yeyote kwamba chini ya mapaja ya kuku kuna masweta ya mwaka 1971. Umeme ulikatika mara moja, nusu siku, lakini friza lililojaa halipoi upesi. Baada ya siku 14 nikazitoa, nikaziacha zirudi taratibu kwenye joto la chumba zikiwa bado ndani ya plastiki ili unyevu usitue kwenye nyuzi, kisha nikazikung'uta. Mabuu makavu yalidondoka kama chenga za chai.

Haya yote ni upishi, yanajifunzika. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kadi.

Hapa Uyole tuna bahati ya kuishi jirani na watu wanaojua thamani ya kadi. Kituo cha utafiti wa kilimo, kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki na ambacho leo kinaitwa TARI Uyole, kimetoa maharage yanayobeba mwaka kwenye jina lake: Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96. Mahindi ya UH, hizo herufi ni Uyole na chotara. Mtu wa mbegu atakwambia kwamba debe la mbegu lisilo na kibandiko si mbegu tena, ni chakula. Nilimfikiria matroni na pini zake. Shati bila mwaka ni tambara. Lakini je, mwaka peke yake unatosha? "Shati la mwanachuo, 1974." Mtu ataliangalia sekunde ngapi?

Kwa hiyo nilibeba vipande vitano kwenye kapu nikaenda navyo kwa fundi mmoja Mwanjelwa, anayekarabati mitumba. Watu hawa hatuwapi heshima yao. Mtu aliyefungua mabelo kwa miaka 30 amegusa vitambaa vingi kuliko profesa yeyote wa mavazi. Aligeuza shati la kaki ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavu. "Mwalimu, hili halina ovaloki. Limepindwa kwa mkono wa mtu, cherehani ya miguu." Akaonesha uzi: vifungo vilivyoshonwa upya vina uzi mweusi, vya awali uzi wa kaki. Zipu ya chuma kwenye sketi, ya plastiki kwenye nyingine; hiyo ya plastiki, akasema, si ya awali, angalia matundu ya sindano ya zamani pembeni. Alisoma nguo kama mimi ninavyosoma shairi: anatafuta mahali palipofutwa.

Ndipo nikamtolea kipande cha sita, ambacho hakikutoka kwenye sanduku la chuo.

Inabidi nieleze. Katika sanduku la matroni hakukuwa na gauni la wanachuo wa kike la miaka ya mwisho ya sitini. Mashati ya wavulana ya 1967 na 1968 yapo, ya wasichana hakuna. Nyumbani kwangu lakini lipo, kwa sababu shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisoma pale miaka hiyo. Alipofariki, siku ya kumaliza matanga ndugu walikaa mkekani kugawa nguo zake kama ilivyo desturi: vitenge kwa binti zake, koti kwa baba mdogo, kanga kwa mawifi, na kila mtu alipochukua akalia kidogo. Mwisho lilibaki gauni la pamba la bluu, limepauka, kola yake nyeupe imekuwa rangi ya maziwa ya mgando. Hakuna aliyelitaka. Nikalichukua mimi. Lilikuwa limekaa kwenye sanduku lake pamoja na maua makavu ya pareto, yaliyofungwa kwenye kipande cha soksi. Alikuwa analima pareto na alijua dawa ile huua wadudu mradi isione jua. Lilikuwa halina tundu hata moja.

Nililivaa. Nasema hivyo bila aibu, nililivaa shambani misimu minne ya palizi ya viazi, kama alivyokuwa akilivaa yeye. Kwetu nguo ya marehemu inatunzwa hivyo: inapewa mwili mwingine. Makumbusho inatunza kwa kuuondoa mwili kabisa. Sidhani njia moja ni ya kishamba na nyingine ya kisomi. Ni majibu mawili kwa swali moja, na kila jibu linapoteza kitu. Ukivaa, nguo inaisha. Usipovaa, inabaki, lakini hakuna tena anayeijua kwa ngozi.

Fundi alilipindua, akaenda moja kwa moja kwenye pindo. Alinyamaza kidogo. "Hili limeshushwa," akasema. "Siyo mara moja. Mara mbili." Akanionesha: mstari wa kwanza wa matundu madogo yaliyolingana, mshono wa cherehani, sentimita kama nane juu ya pindo la sasa. Chini yake mstari wa pili, matundu makubwa yasiyolingana, mshono wa mkono. Halafu pindo lenyewe, la mkono pia, uzi tofauti. Na kati ya mistari, vipande vya kitambaa vyenye bluu iliyokolea zaidi, kwa sababu vilikuwa vimekunjwa ndani havikuliona jua. Nimelivaa gauni lile misimu minne na sikuwa na sababu ya kulitazama pindo.

Gauni lilianza likiwa fupi, juu ya goti. Kisha mwenye gauni alilishusha. Kisha akalishusha tena.

Mnaosoma historia mnajua miaka hiyo. Nguo za vijana wa vyuo zilikuwa siasa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani. Sioni kwamba joho lilivaliwa siku ile kwa bahati mbaya. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969: marufuku vimini, marufuku mawigi, marufuku dawa za kujichubua, marufuku suruali za kubana. Mwezi uleule wa tangazo, Kariakoo, wanawake waliokutwa na nguo fupi walisumbuliwa na kushambuliwa na makundi ya vijana wa kiume. Magazeti yalijaa barua, wengine wakiunga mkono, wengine, wanawake hasa, wakiuliza kwa nini utamaduni wa taifa upimwe kwenye paja la msichana wakati suti ya mwanamume, nayo ya kigeni, haiguswi. Miaka hiyohiyo ikawepo na kampeni ya kuwavua Wamasai shuka na kuwavisha suruali. Yaani huyu anaambiwa avae ya Kizungu kwa sababu ya maendeleo, yule anaambiwa avue ya Kizungu kwa sababu ya heshima.

Tazama sasa sanduku la matroni kwa jicho hilo. Vipande 22 na karibu vyote ni utii mtupu. Sare hutunzwa na mwenye mamlaka. Bugaluu haikutunzwa, raizoni hazikutunzwa, wigi lililofichwa chini ya godoro la bweni nani alitunze? Nguo iliyokatazwa huishi muda mfupi kuliko nguo iliyoamriwa. Pengine ndiyo maana nilimpenda yule chungwa wa krimplini kuliko wenzake wote. Yeye hakuamriwa na mtu.

Lakini pindo la shangazi linathibitisha nini? Hapa nilijibana mwenyewe kama ninavyowabana wanafunzi wangu kwenye uhakiki. Pindo linaweza kushushwa kwa sababu msichana amerefuka. Alikuwa na miaka 20, hakuwa anarefuka. Linaweza kushushwa kwa sababu ameolewa, na wakwe wanatazama. Linaweza kushushwa mara ya kwanza kwa amri ya chuo na mara ya pili, miaka baadaye, kwa sababu ya kuinama shambani. Shangazi mwenyewe hakuwahi kunieleza. Alikuwa mtu wa kusema mambo ya viazi. Kitambaa kinasema kimeshushwa, mara mbili, na mara zote mbili baada ya fundi wa awali kumaliza kazi yake. Hakisemi nani aliamuru. Nilirudia kadi ile mara kumi na moja, na hatimaye ikawa hivi:

*Gauni la sare la mwanachuo wa kike. Pamba. Lilishonwa yapata 1968. Pindo limeshushwa mara mbili kwa mkono. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku nguo fupi. Mwenye gauni hakuwahi kusema kwa nini alilishusha. Baadaye alilivaa miaka mingi akilima viazi na pareto Uyole. Udongo ulio kwenye pindo ni wa shambani kwake.*

Kamati ya maonesho ilikuwa na maneno. Mjumbe mmoja alitaka tuishie kwenye "yapata 1968". Alisema tunaadhimisha, hatufukui. Mwingine alitaka lifuliwe kwanza, haiwezekani wageni waoneshwe nguo yenye matope. Nilieleza kwamba nguo ikishafuliwa udongo ule haurudi, na kwamba udongo wa Uyole, mweusi, wa majivu ya volkano, ni maelezo kuliko kadi yangu. Walisikiliza, wakakohoa. Mwisho nikasema gauni na kadi yake ni ndugu pacha, vinaingia pamoja au vinarudi nyumbani pamoja. Wakakubali, nadhani kwa sababu walikuwa hawana gauni jingine.

Mgogoro wa kweli ulikuwa nyumbani. Nilimwita baba mdogo aje aone kabla ya kulipeleka, kwani ni nguo ya dada yake. Alinikuta nimelilaza juu ya meza, nimeviringisha karatasi laini na kuzipachika kwenye mikunjo lisivunjike nyuzi, na nimelifunika kwa amerikani iliyofuliwa. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmemvisha sanda?"

Sikuwa na la kujibu haraka. Ni kweli: kitambaa cheupe, kisicho na mapambo, kimefungwa bila kifungo. Akakaa. Akasema nguo ya marehemu huvaliwa, haitundikwi. Ikitundikwa watu watamtazama dada yake akiwa hayupo wa kuinuka na kuondoka. Nimelifikiria sana neno hilo. Tunapozungumza kuhusu maonesho tunazungumza kuhusu mwanga na unyevu na nondo, na mzee huyu ambaye hajawahi kuingia makumbusho aliona kitu ambacho vitabu vyangu havikukigusa, kwamba gauni lililovaliwa sana lina umbo, na umbo hilo ni la mtu.

Na kweli umbo lilikuwepo. Tulipotengeneza kiwiliwili cha kulivalishia, kwa mianzi na pamba iliyofunikwa kitambaa, zile sanamu za dukani zilikataa. Viuno vyao ni vya watoto. Ilibidi fundi ajaze kidogokidogo mpaka gauni likae bila kuvutwa. Bega la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Ndivyo alivyokuwa. Aliyebeba jembe upande mmoja miaka yote.

Baba mdogo alitoa masharti matatu, na niliyaandika yote. Sanamu isiwe na kichwa. Gauni lisiuzwe wala kupewa chuo, liazimwe. Na jina la dada yake lisiandikwe ukutani, wanaomjua watamjua. Kwenye fomu ya kuazima, mahali pa "mmiliki", nilijaza "familia", nikaweka sahihi yangu na yeye dole gumba, ingawa anajua kuandika. Alisema dole ni zito zaidi.

Maonesho yalikuwa ya wiki mbili, mwezi wa saba. Tulichagua kiangazi kwa makusudi: masika ya Mbeya unyevu unapanda, na ukishapita asilimia 65 kuvu huanza kazi. Madirisha tuliyaziba kwa mapazia mazito, tukabakiza taa chache. Kipimo kinachotumiwa kwa nguo ni luksi 50, mwanga ambao mtu mzima akiingia kutoka juani anasimama kwanza macho yazoee. Watu walilalamika kuna giza. Ni haki yao, lakini rangi iliyokwisha kuliwa na mwanga haipo dawa yake, na jumla ya mwanga wote nguo iliowahi kupata haifutiki hata ikipumzishwa.

Wanafunzi walipita upesi, wakapiga picha na gauni la krimplini. Nilifurahi kwa ajili yake. Mbele ya gauni la bluu walisimama wachache.

Siku ya tatu alikuja bibi mmoja na mjukuu wake. Alikuwa amevaa kitenge kipya na sweta juu, fimbo mkononi. Alisomewa kadi. Akasema isomwe tena. Kisha akavuka kamba, kabla sijainuka, akainama kwa shida na kulishika pindo kwa vidole viwili, akaligeuza, akaitazama mishono kwa muda mrefu. Kanuni inasema mkono wa mgeni usiguse. Mkono wake ulikuwa unagusa kwa adabu kuliko wangu.

"Mara mbili tu?" akaniuliza. "Langu lilishushwa mara tatu. Ya tatu kitambaa kiliisha, nikaungia cha mtoto."

Nilimuuliza kama analo bado. Akasema lipo, amefungia mbegu za maharage. Nilimuomba asilifue. Mjukuu ameahidi kulileta viazi vikishavunwa. Kwenye rejista, baada ya vipande 22 vya matroni na kile cha kuazima, nimeacha mstari mtupu: namba 24, gauni, bluu, pindo mara tatu, halijafika.